Mkaguzi wa mlangoni haponyi kamba mbovu

Mhariri,

Mwenye karakana mmoja wa hapa Tanga aliandika kwenye safu hii kwamba amechoka kurudishiwa kamba na wateja, na dawa aliyoiona ni kuongeza wakaguzi wa kukagua mzigo kabla haujapakiwa. Naomba nimpinge. Nimepima nyuzi kwenye kiwanda cha kusokota katani mpaka nikastaafu, na mlangoni ndipo mahali pa mwisho ambapo ningemweka mtu.

Kamba mbovu ikishafika mlangoni, katani imekwisha, umeme umekwenda, na mshahara lazima ulipwe. Tena mkaguzi anauona mpira wa kamba iliyoviringishwa kwa nje tu, kumbe kasoro iko ndani. Atakayeigundua ni mkulima, pale kamba inapomkatikia kwenye mashine ya kufunga majani.

Sisi tulipima palepale mashineni. Unachukua uzi, unauzungusha kwenye gurudumu la kupimia, unakata, unaweka kwenye mizani. Kama kamba ni ya mita 300 kwa kilo, mita 30 zinatakiwa ziwe gramu 100. Hazitakuwa 100 kila mara. Leo 98, baadaye 103. Katani inatoka kwenye jani, si waya. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Akiona 103 anakimbilia spana, ikija 96 anakaza tena, na kufika jioni vipimo vimetawanyika kuliko asubuhi.

Mmarekani Walter Shewhart alishalifanyia kazi jambo hili mwaka 1924, akishughulika na vifaa vya simu. Alichora mstari wa wastani, kisha mwingine juu na mwingine chini, yote kutokana na vipimo vya kazi yenyewe. Kila kipimo kinawekwa kama nukta. Nukta zikitawanyika ovyo katikati ya mistari hiyo, iache mashine. Nukta ikiruka nje, au zikishuka mfululizo, simama utafute sababu. Ubao na chaki vinatosha, kompyuta ya nini?

Kuna siku nukta zilishuka kwenye mashine moja, na msimamizi akaanza kumfokea dada aliyekuwa zamu. Fundi alipofungua mashine inayochana katani kabla haijasokotwa, alikuta meno ya chanuo yamekatika, singa za katani zinapita kwa mafungu, pengine nene, pengine nyembamba. Huyo dada angefanya nini? Angebadilishwa yeye, angekuja mwingine akasokota uzi uleule.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Karakana nyingi humlipa msokotaji kwa kilo. Kamba nene ina kilo nyingi, kwa hiyo anasokota nene, na mimi simlaumu, ana watoto. Lakini mnunuzi anahitaji mita. Mpira wa kilo ileile unamwishia kabla ya hesabu yake, ndiyo maana anaurudisha. Na aliyelipwa kwa kilo hathubutu kusimamisha mashine hata akiona uzi umeharibika, kwa sababu kila dakika ya kusimama inatoka mfukoni mwake. Ukimwekea wakaguzi kumi mlangoni, bado atakusokotea vilevile.

Ningependa mwenye karakana huyo anijibu hapahapa gazetini: wasokotaji wake anawalipa kwa kilo au kwa mita, na mtu akisimamisha mashine kwa sababu uzi si mzuri, dakika hizo analipwa na nani?

Mpima nyuzi mstaafu,
Makorora, Tanga