Reli ya Marekani ilikuwa dalali wa ardhi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wakiongelea reli ya kwanza ya kuvuka bara la Amerika, iliyounganishwa Promontory, Utah, Mei 10, 1869, wanasema tu iliokoa muda, ni kweli, safari ya miezi minne mitano kwa mkokoteni wa ng'ombe ikawa kama wiki moja, lakini jamani, serikali iliyapa makampuni ya reli ardhi kibao pembeni ya njia, nayo yakatuma maajenti mpaka Ujerumani na Sweden kutafuta wanunuzi. Sasa ardhi yenyewe ilikuwa ya nani? Ya wenyeji wa asili wa huko, Wapawnee, Wacheyenne, Walakota, ambao nyati wao walipigwa risasi kutoka madirishani mwa treni! Na Wachina zaidi ya 10,000, waliotoboa miamba ya milima ya Sierra Nevada kupitisha reli hiyo kwa nyundo na baruti, mwaka 1882 vibarua Wachina wenzao wakapigwa marufuku kuingia nchini. Inaniuma sana. Mkiandika historia ya reli, waandikeni na hawa.