Risala yako ina maombi tisa

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Nyumbani sote wazima. Bibi yako goti linamsumbua, ila mdomo uko palepale.

Risala ya mahafali nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, saa ikiwa mbele yangu. Dakika kumi na nne. Ulisema umepewa tano. Ukisoma bila kukimbia, dakika tano ni maneno kama 550, basi hesabu.

Itifaki yako imefika mpaka mwenyekiti wa kitongoji. Hao mshereheshaji atakuwa amekwisha kuwatambulisha. Mtaje mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wenzako, uingie kwenye jambo. Historia ya shule, sentensi mbili.

Kubwa ni hayo maombi: bweni, maji, kompyuta, uzio, basi, sijui nini. Mimi kidato cha nne nilisoma yangu kumi na moja. Mgeni rasmi akasema ameyapokea, tukapiga makofi, akala pilau, akaondoka. Angekumbuka lipi? Wewe chagua moja. Ningechukua maji, maana uliwahi kunisimulia mnavyoamka saa kumi alfajiri kufuata kisima, na waliochelewa foleni wanakosa kipindi cha kwanza. Kwenye risala hayo sikuyaona. Nimeona "changamoto ya uhaba wa maji", maneno ambayo kila shule inayo. Anza na ndoo na giza, kisha sema mnataka nini: tangi, bomba au pampu. Akitoka pale ajue anadaiwa kitu gani.

Babu yako alimsikia Mwalimu Nyerere redioni, Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameingia Kagera. Mwalimu alieleza mengi siku ile, lakini mzee mpaka anazeeka alikuwa akihesabu vidoleni matatu: uwezo wa kumpiga, sababu, na nia. Hakuna neno la kamusi hapo. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia, mwanangu, kwa hiyo zile sentensi zako za mistari minne zikate.

Nakala ya kusomea iwe ya maandishi makubwa, upande mmoja wa karatasi, kurasa zina namba. Upepo wa uwanjani unaujua.

Nitumie nyingine kabla ya Ijumaa. Nitamsomea bibi yako baada ya chakula cha mchana. Akisinzia, tunapunguza tena.

Baba yako