Elisabeth hakuwa shangazi, alikuwa mama mkubwa

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu ya juma lililopita kuhusu mwisho wa wafalme wa Urusi, Elisabeth wa Hesse mmemtaja mara moja tu, kwamba alikuwa "shangazi wa watoto wa mfalme, aliyeuawa siku moja baada yao". Siku mmeipatia, 18 Julai 1918. Undugu ndio mmeukosea, na naomba nafasi niusahihishe.

Elisabeth, ambaye nyumbani walizoea kumwita Ella, alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, tarehe 1 Novemba 1864. Baba yake, Ludwig, alikuja kuwa mtawala wa Hesse, dola ndogo ya Kijerumani. Mama yake, Alice, alikuwa binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Mdogo wake Alix ndiye aliyeolewa na Nikolai wa Pili, mfalme wa Urusi. Basi kwa watoto wao, Alexei na dada zake wanne, Ella alikuwa dada mkubwa wa mama yao. Shangazi ni dada wa baba. Huyu ni mama mkubwa. Nahisi mwandishi wenu alikuwa anasoma Kiingereza, ambako neno moja linawabeba wote wawili, akashika la kwanza lililomjia.

Mimi nimelelewa na mama mkubwa, kwa hiyo neno hilo silichukulii juujuu. Siku tuliyomzika mama yangu, yeye ndiye aliyenishika mkono kutoka makaburini, na alikuwa amejifunga kanga ya marehemu juu ya yake. Nilipoanza kusoma habari za nyumba ya Darmstadt nilimwona yeye kila ukurasa.

Nyumba ile ilipigwa mapema. Mwaka 1873 mdogo wao Friedrich, hajafikisha hata miaka mitatu, alianguka dirishani. Alikuwa na hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, akavuja damu ndani kwa ndani hadi akafa. Mwaka 1878 likaingia dondakoo. Karibu nyumba nzima iliugua, isipokuwa Ella, aliyepelekwa kwa bibi yake mzaa baba. Kitindamimba, Marie, akafa Novemba akiwa na miaka minne. Mama yao aliwaficha kifo hicho waliokuwa wagonjwa kitandani. Hatimaye alipomwambia Ernst Ludwig, mtoto wa miaka kumi, kijana alilia sana, na Alice akashindwa kujizuia, akamkumbatia na kumbusu. Inaaminika ugonjwa ulimpata hapo. Alikufa 14 Desemba, tarehe ileile aliyokufa baba yake mwaka 1861. Victoria, kifungua mimba, alikuwa na miaka 15, Ella 14, na Alix sita tu. Hapo wakubwa wakawa mama wa wadogo, na bibi yao mzaa mama akawa anawaandikia barua kutoka Uingereza kuhusu kila jambo, ndoa zao zikiwemo.

Ndiyo maana nasema upande wa mama haufai kufichwa katika habari hii. Hemofilia ilipita huko huko: kutoka kwa Malkia Victoria kwenda kwa Alice, kutoka kwa Alice kwenda kwa binti zake Irene na Alix, wakaibeba wao bila kuugua, wakaugua watoto wao wa kiume. Alexei, mrithi wa Urusi, hakuupata ugonjwa ule kwa baba. Msomaji akishaambiwa "shangazi", anahamishiwa ukoo mwingine kabisa.

Undugu ule nao ulikuwa mgumu kuliko mlivyouandika. Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alipokuwa mwanafunzi Bonn alimtaka Ella, naye akamkatalia. Mama zao walikuwa dada wa tumbo moja. Kwetu sisi wengine huyo ni kaka yako, na posa inaishia mlangoni. Ella aliolewa na Sergei, ndugu wa mfalme wa Urusi wa wakati huo, mwezi Juni 1884, na ni katika harusi hiyo Alix wa miaka 12 alipofahamiana na Nikolai wa miaka 16. Vita vya 1914 vilipoanza, Ella na Alix walikuwa Urusi, Irene alikuwa ameolewa Ujerumani na ndugu mdogo wa Wilhelm, na makazi ya Victoria yalikuwa Uingereza, ambako mumewe, Louis wa Battenberg, alilazimika kuacha uongozi wa jeshi la majini kwa sababu alizaliwa Mjerumani. Dada wanne wa mama mmoja, wamegawanywa na vita.

Kuhusu Ella mwenyewe, makala yenu haikusema kwamba mwezi Februari 1905 mumewe alilipuliwa kwa bomu Kremlin, ngome ya watawala huko Moscow, na kwamba yeye alitoka mbio akaokota vipande vya mwili kwenye theluji kwa mikono yake. Haikusema kwamba alikwenda gerezani kuonana na muuaji, Ivan Kalyayev. Aliuza vito vyake, na mwaka 1909 akafungua Moscow nyumba ya watawa ya Martha na Maria, yenye hospitali, duka la dawa na makao ya yatima. Desemba 1916 alimwendea mdogo wake Alix kumwonya juu ya Rasputin, yule mtu wa dini aliyeaminiwa mno na nyumba ya mfalme. Ni dada mkubwa tu angethubutu kumwambia malkia maneno yale. Alix hakutaka kusikia. Hawakuonana tena.

Siku ya kuuawa kwake, Ella alitupwa katika shimo la mgodi karibu na mji wa Alapayevsk, Urusi, pamoja na wengine, akiwemo mtawa Varvara, aliyekataa kumwacha. Mwili ulipitia Beijing, na mwaka 1921 ukazikwa Yerusalemu, katika Kanisa la Maria Magdalena kwenye Mlima wa Mizeituni. Aliyeusindikiza huko ni dada yake, Victoria.

Victoria alikuwa na binti, Alice, ambaye kwake Ella alikuwa mama mdogo. Alice naye alianzisha shirika la watawa wauguzi kwa kumfuata, na mwaka 1953 aliingia katika sherehe ya kutawazwa kwa mkwewe, Malkia Elizabeth, akiwa na vazi la kijivu la kitawa. Tangu 1988 mabaki yake yapo katika kanisa lilelile. Mwanawe ni Philip, yule aliyesimama uwanjani Dar es Salaam Desemba 1961 bendera ya Uingereza iliposhushwa. Wazee wetu waliomwona siku ile walimwona mjukuu wa dada yake Ella. Kwa hesabu yetu, Ella ni bibi yake.

Naomba sahihisho lichapwe ukurasa uleule wa makala, na liseme mama mkubwa.

Msomaji wenu,
Korogwe, Tanga