Duka mmelipendezesha, ila wateja mmetuanika

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Tanga, Tanga hii hii ya waja leo waondoka leo. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako maana hili jambo nimeshaliongea barazani, nimeliongea kijiwe cha kahawa, nimemwambia hata mwenye duka na halijafika popote, nikasema basi ngoja niandike. Na jina langu tafadhali usilitoe, ukiendelea kusoma utaelewa kwanini.

Huku kwetu Ngamiani, kwenye hizi barabara za namba, kuna duka la vinywaji ambalo lilikuwepo hata kabla mimi sijaanza kunywa. Silitaji, wa mtaani wanalijua na wa mbali haliwahusu. Zamani kilikuwa chumba kimoja cha giza, mbele dirisha la nondo na wavu, unainama kidogo unamwambia mzee "nipe zile mbili" anakupitishia kwenye kitundu, unatia kwenye kikapu cha baiskeli unakwenda zako na hakuna anayejua umenunua bia au mafuta ya taa. Enzi za viroba, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki, vilikuwa vinaning'inia pale kwenye nondo kama pazia la msibani, mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 ndo tukagundua kumbe mle ndani ukutani kuna kalenda.

Sasa mzee amepumzika, duka kashika mwanawe, na mwaka huu akalifunga mwezi na nusu akalivunja lote. Lilipofunguliwa bwana wee, tailizi chini, jipsamu juu, taa nyeupe mpaka macho yanauma, kiyoyozi, mafriji ya milango ya kioo yamejipanga kama wanajeshi, na ukuta wote wa mbele ni kioo na aluminiamu kutoka chini mpaka juu. Mtaa mzima ulikwenda kushangaa, hata wasiokunywa.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Bei zimebandikwa kwenye kila kitu, sio zamani unaambiwa bei kwa kuangaliwa viatu. Risiti ya mashine unapewa bila kuomba. Na yule kijana wa kaunta ukinunua chupa ya Konyagi au kitu chochote kikali anachukua simu yake anaipiga ile stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, kwa programu ya Hakiki Stempu mbele yako ujionee, hizi stempu za kielektroniki zipo tangu 2019 lakini mimi nilikuwa sijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote kuwa naweza kuikagua mwenyewe. Kwa hilo nampa mia kwa mia, maana mtaani humu mtu anaweza kukuuzia chochote kwenye chupa nzuri.

Wateja wenzangu maoni yao yamegawanyika. Vijana wanalipenda, wanapiga picha mle ndani utadhani wako Dar. Wazee wa barazani wanalalamika benchi limeondolewa, mimi hilo halinisumbui sana, lile benchi lilikuwa na kunguni. Wengine wanasema bia imepanda jero, kweli imepanda, kiyoyozi kile nani atakilipia umeme kama sio sisi.

Ila kuna dada mmoja ana saluni hapo jirani, alinijibu kitu nikanyamaza. Nilikuwa nalaumu haya mataa akaniambia, kaka yangu wewe unalia taa, mimi zamani nikija pale dirishani gizani nilikuwa napitia kwenye wanaume wanne wamelewa kila mmoja ananiita mchumba, sasa hivi naingia kwenye mwanga nachagua mvinyo wangu wa Dodoma nalipa natoka hakuna aliyenigusa. Nikasema haya dada, hapo umenifunga mdomo.

Kwahiyo sisemi warudishe giza. Ninachosema ni kile kioo. Duka linatazama barabara kubwa ya mtaa, hatua chache mbele kuna madrasa, na Tanga ni mji wa watu wanaojuana mpaka mababu. Mimi nikisimama kwenye kaunta saa kumi na moja jioni nimeangaziwa kuliko samaki wa mnadani, anapita mjomba, anapita fundi cherehani wangu, anapita mama mkwe anatoka sokoni na yeye ana tabia ya kusimama kuangalia. Unywaji wangu ni dhambi yangu nitaijibu mwenyewe, lakini hata dhambi ina stara yake jamani. Yule mzee alilielewa hilo bila kuambiwa. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anafungua mlango nusu na kuning'iniza kanga ya mkewe mbele ya dirisha, hakuna aliyemlazimisha, ni heshima tu ya kuishi na watu.

Sasa kisa chenyewe kilichonifanya nishike kalamu. Alhamisi moja nimenunua chupa mbili zimetoka kwenye friji zina baridi kali. Mifuko ya plastiki tunajua ilishakatazwa tangu Juni 2019 na sawa kabisa, lakini mzee alikuwa anakuviringishia chupa kwenye gazeti (samahani mhariri, ni hili hili lako) kisha unaiweka kwenye kikapu. Kijana wa sasa kachapisha mifuko yake ya khaki yenye nembo ya duka, mizuri kweli. Ila ile karatasi haijui Tanga. Joto letu hili na unyevu wa bahari, chupa ya baridi ikikaa dakika mbili tu inatoa jasho kama mbeba mizigo wa bandarini, karatasi inalowa chini, na mimi natembea nimeibana kwapani najiona nimestirika. Nimefika usawa wa madrasa watoto ndo wanatoka, nikasikia pwaa, kitako cha mfuko kimeachia. Chupa moja nikaidaka kwa goti. Ya pili ikadondoka kwenye mchanga wala haikupasuka, laiti ingepasuka, ikaanza kubiringika taratibu, inang'aa na jua la jioni, watoto wote kimya wanaitazama, ikaenda ikagota kwenye kandambili za ustadhi.

Ustadhi akaitazama, akanitazama. Akainama, akaiokota na ncha ya vidole viwili akaisimamisha pembeni ya ukuta. Akasema, "Bwana, chukua chupa yako watoto wasije wakajikata." Basi. Hakuongeza neno hata moja. Angenitukana ningelala usingizi siku ile. Nilisema ahsante ustadhi, nikasema na shikamoo, sijui kwanini maana ni mdogo kwangu.

Tangu hapo nimekuwa namtuma bodaboda na sio mimi peke yangu, wapo wateja wa siku nyingi wanne au watano ninaowajua wanafanya hivyo, na tunalipa nauli ya bure kwa duka lililo nyuma ya nyumba zetu.

Na mwenye duka asidhani ni stara tu inaniuma, hata mali yake inaumia. Kile kioo kinatazama magharibi. Kuanzia saa tisa jua lote la Tanga linaingia ndani na kutua kwenye rafu za mbele ambako kapanga mvinyo na zile bia za chupa za kijani ili zionekane. Bia haitaki jua, mwanga unaharibu ile hopsi iliyomo, yaani maua yanayoipa bia uchungu wake, inakuja na harufu ya ajabu kama ya mnyama, chupa ya kahawia inaikinga vizuri zaidi, ya kijani haina kinga ya maana. Mvinyo nao ukipikwa na jua kila jioni unaharibika ladha. Yule dada wa saluni mwenyewe alishawahi kurudisha chupa, akaambiwa ndo ladha yake hiyo.

Kwahiyo ombi langu kwa kijana wetu ni dogo wala halina gharama. Abandike ile stika nyeupe ya ukungu wanayobandika benki kwenye vioo, ile unaona mwanga huoni mtu, kuanzia chini mpaka usawa wa kichwa. Juu aache wazi, taa ziwake, akinadada wapate usalama wao, nembo yake ionekane mpaka Makorora akitaka. Jua litapungua, mvinyo utapona, na mimi nitaweza kununua bia yangu bila kuhesabiwa na mama mkwe.

Na ile mifuko ya khaki awape wanaonunua karanga. Magazeti ya kufungia chupa kama hana nitamletea mimi mwenyewe, nyumbani ninayo rundo.

Ni mimi mteja wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga.