Kibarua aliyekatwa na mashine naye ana haki ya fidia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye karakana, pamoja na vijana wanaozifanyia kazi, kuhusu ajali za mashine zinazomalizwa kimyakimya kwa sababu tu aliyeumia alikuwa analipwa kwa siku.

Mimi ni fundi mitambo, na mara nyingi huitwa kwenye karakana za samani hapa Dar es Salaam. Katika mojawapo nilikuta msumeno wa mviringo ukifanya kazi bila kinga. Kinga yenyewe ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye nguzo, imejaa vumbi la mbao, na kile kibati kinachokaa nyuma ya meno ili mbao isiubane msumeno kilikwishafunguliwa. Mbao ikibana hapo hurushwa nyuma kwa nguvu, na mkono uliokuwa ukiisukuma huangukia kwenye meno. Ndivyo kijana mmoja wa pale alivyopoteza vidole viwili. Alikimbizwa hospitali kwa bajaji, mwenye karakana akalipia matibabu ya siku ile na kumpa fedha kidogo ya pole, kisha akamweka kijana mwingine kwenye msumeno uleule, ukiwa wazi vilevile.

Wengi walisema kijana alizembea, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayelipwa kwa idadi ya vipande alivyokata ataondoa chochote kinachomchelewesha, na aliyepanga malipo ya namna hiyo analijua hilo vizuri. Wapo pia wanaowagawia vijana glavu wakidhani wamewakinga, ilhali penye kitu kinachozunguka glavu hunaswa na kuuvuta mkono mzima.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe sehemu hatarishi za mashine zimefunikwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayotumika Tanzania Bara, inamhesabu kuwa mfanyakazi hata yule ambaye makubaliano yake ya kazi yalikuwa ya mdomo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hugharamia matibabu, hulipa sehemu ya mshahara wakati mgonjwa hawezi kufanya kazi, na kwa ulemavu wa kudumu hutoa malipo ya mkupuo au pensheni ya kila mwezi, kutegemea kiwango cha ulemavu. Mchango unatolewa na mwajiri peke yake, bila kumkata mfanyakazi, na tangu mwaka 2022 sekta binafsi inachangia asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa kijana anayepata shilingi 300,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,500. Mwenye karakana anayeukwepa mchango huo anabaki na mzigo wa kumhudumia majeruhi kwa fedha za mfukoni, na kwa kuwa mzigo huo unamwelemea, anaona afadhali ajali ifichwe.

Ikishafichwa, hakuna mkaguzi atakayekuja kuuliza kinga iko wapi. Ndiyo maana namsihi kila anayeumia, au ndugu yake, asiridhike na fedha ya pole: amtaarifu mwajiri mapema mbele ya wenzake walioshuhudia, atunze vyeti vyote vya hospitali, na mwajiri akisita kutoa taarifa, aende mwenyewe kwenye ofisi ya Mfuko. Asikae akisubiri kidonda kipone kwanza, kwa kuwa haki hiyo ina ukomo wa muda.

Kwa maofisa biashara wa halmashauri nina ombi moja. Mnapopita kwenye karakana hizi kukagua leseni, ombeni pia cheti cha usajili wa Mfuko, kisha ingieni hadi ndani zilipo mashine mtazame kama kinga zimefungwa mahali pake.

Fundi mitambo,
Temeke, Dar es Salaam