Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Kyalami na Ombi la Nürburgring

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ya chama chetu cha wamiliki wa magari hapa Mwanza, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka. Masuala ya ada na usajili yamekwenda vizuri, na hesabu zake atazisoma mweka hazina. Mimi nitajikita katika jambo lililoubeba mwaka wetu, yaani safari ya wenzetu waliotoka hapa na magari yao wenyewe hadi uwanja wa mbio wa Kyalami, Afrika Kusini.

Kyalami, uliopo kati ya Johannesburg na Pretoria, ulifunguliwa mwaka 1961, na ndipo Jody Scheckter, mzaliwa wa nchi hiyo, aliposhinda mbio za Formula 1 mwaka 1975. Baada ya ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2016, mzunguko wake una urefu wa kilomita 4.5. Tuliuchagua kwa sababu unafikika kwa barabara: unapita Singida, Dodoma, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, unaikata Zambia hadi daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021, kisha unaingia Botswana. Nchi zote hizo huendesha upande wa kushoto, hivyo usukani wetu wa kulia haukumsumbua mtu.

Bima ndiyo iliyotaka umakini. Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inatambulika Zambia, lakini Botswana na Afrika Kusini hazimo katika mpango huo. Mfuko wa ajali za barabarani wa Afrika Kusini, unaochangiwa kupitia bei ya mafuta, hufidia watu walioumia na haulipi gari lililoharibika. Zaidi ya hayo, bima kubwa kwa kawaida haihusiki pindi gari linapoingia kwenye uwanja wa mbio, na kila mwenzetu aliingia akilijua hilo na akiwa ametia saini.

Sasa nizungumzie breki, maana hapo ndipo penye funzo la mwaka mzima. Mwenzetu mmoja, baada ya mizunguko kadhaa ya kasi, alikanyaga breki kwenye mteremko mkali uitwao Mineshaft, na pedeli ikazama kama aliyekanyaga sifongo. Alishusha gia, akapunguza mwendo kwa injini na kutoka salama, namshukuru Mungu. Gurudumu lilipofunguliwa, pedi zilikuwa bado nene na diski haikuwa na ufa. Kilichoshindwa ni mafuta ya breki, yaliyokuwa yamekaa muda mrefu bila kubadilishwa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaujua unyevu huo. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, nguvu ya mguu haifiki kwenye pedi. Katika foleni ya Buzuruga breki hazipati joto la namna hiyo, ndiyo maana gari linaloonekana zima mjini laweza kumwangusha mwenyewe uwanjani.

Kwa hiyo kamati imeazimia kwamba hakuna gari litakalosafiri kwa jina la chama bila kukaguliwa na fundi wetu: mafuta ya breki yawe mapya, tairi zisiwe zimezeeka, nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na injini isivuje hata tone, kwa kuwa oili ikimwagika kwenye lami humhatarisha anayekuja nyuma.

Wapo vijana walioomba mwakani twende Nürburgring, Ujerumani, kwenye njia ndefu ya Nordschleife katika milima ya Eifel, iliyofunguliwa mwaka 1927 na yenye kilomita 20.8. Siku za wazi, mwenye leseni na gari lenye vigezo hulipia na kuingia, lakini sheria za barabarani za Ujerumani hufuatwa, kupima muda wa mzunguko ni marufuku, na anayegonga reli za pembeni huzilipia. Niki Lauda, dereva wa Formula 1 kutoka Austria, aliungua vibaya hapo mwaka 1976, na Formula 1 haikurudi tena kwenye njia ile. Anayekupita hupita kushoto, nawe kwenye usukani wa kulia umekaa mbali naye, ukitegemea kioo.

Hamu hiyo naiheshimu, kwa maana mtu hujifunza zaidi akiwa na gari ambalo anaujua hata mlio wake. Hata hivyo, gari kwenda huko ni lazima lipakiwe melini Dar es Salaam, na mfuko wetu haujafikia uwezo huo. Napendekeza mwakani turudi Kyalami, na ombi la Nürburgring lijadiliwe upya makadirio ya usafirishaji yatakapokuwa mezani. Naomba mpige kura juu ya pendekezo hili leo. Fomu za ukaguzi zinapatikana kwa katibu.

Mwenyekiti