Barua kwa mwanangu: kusoma komiki za zamani

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama Storm wa mwaka 1975, yule shujaa mwanamke mweusi wa kundi la X-Men anayetawala hali ya hewa, ni wa kujivunia au wa kuonea haya. Usitafute jibu moja la komiki nzima. Amua kisanduku kwa kisanduku.

Fungua Giant-Size X-Men toleo la 1. Tuko Kenya, watu wanamlilia Storm awape mvua na kumwabudu kama mungu. Anafika Profesa Xavier, mkuu wa X-Men, kutoka Marekani kumweleza kwamba yeye si mungu bali ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu za ajabu, na dunia inamhitaji. Hapo jiulize: nani anamwambia nani yeye ni nani? Kenya ilikuwa na karibu miaka 12 ya uhuru, lakini Nairobi huioni. Unaona watu wanaongoja mvua tu. Kisha soma X-Men 102 ya mwaka 1976: sasa ana baba kutoka Harlem, mama Mkenya, na utoto wa kuibia watu mitaani Kairo. Katika toleo la 139, mwaka 1980, yeye ndiye kiongozi wa kundi. Aliyeandika toleo lile la kwanza ni Len Wein, haya mawili ni Chris Claremont. Ndiyo maana kabla ya kumhukumu mhusika utazame jina la mwandishi.

Rangi nazo zina hila. Wachapaji walikuwa na wino wa buluu, nyekundu na njano kwa viwango vichache, pamoja na mweusi. Mchanganyiko wote haukuzidi rangi 64, juu ya karatasi duni. Hudhurungi ilihitaji wino zote tatu, kwa hiyo ngozi ya mtu mweusi mara nyingi ilitoka ya kijivu au ya matope. Hilo lina lawama kidogo kwa mashine. Lakini Wajapani wa komiki za wakati wa vita, wenye ngozi ya njano kali na meno ya mnyama, hawakutokana na mashine. Kuna mtu alichagua. Ukisoma chapa mpya, kumbuka kwamba rangi huenda zimepakwa upya na ushahidi huo umefutika.

Sasa tazama pembe ya jalada: kuna muhuri wa Comics Code, yaani kanuni za maadili za wachapishaji wa komiki? Ulianza 1954, baada ya Baraza la Seneti la Marekani kuhoji wachapishaji. Kanuni zake zilikataza kudhihaki rangi ya mtu, zikataka pia polisi na mahakimu wasivunjiwe heshima. Linganisha na Superman wa Action Comics 1, mwaka 1938: anamtia adabu mume anayempiga mkewe, na anavunja mlango wa gavana usiku ili mwanamke asiye na hatia asiuawe na serikali. Baada ya 1954 shujaa kama huyo alikuwa taabani. Kwangu mimi, maadili ya muhuri ule yalikuwa utii kuliko haki. Ushahidi: wachapishaji wa kampuni ya komiki ya EC walipotaka kurudia hadithi ya mwanaanga anayekagua sayari ya maroboti wanaobaguana kwa rangi, msimamizi wa kanuni, jaji Charles Murphy, alitaka mwanaanga huyo asiwe mweusi. Bill Gaines, mkuu wa EC, alikataa, ikatoka 1956 jinsi ilivyokuwa. Hadithi hiyo si ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, lakini chumba cha ukaguzi kilikuwa kilekile.

Kwa wanawake, hesabu nani anatenda na nani anaokolewa. Mwaka 1942 Wonder Woman aliingia kundi la mashujaa la Justice Society, akapewa ukatibu huku wanaume wakienda vitani. Hizo ni hadithi za Gardner Fox; kwa Marston, aliyembuni, mwanamke huyohuyo ndiye anayeongoza. Sue Storm wa kundi la Fantastic Four (si yule Storm wa X-Men) alijifungua mwaka 1968, na bado akaitwa Msichana Asiyeonekana hadi 1985!

Usiruke kurasa za barua za wasomaji, kama nakala yako inazo. Chapa mpya nyingi huziacha, kwa hiyo tafuta toleo lenyewe au picha zake. Utakuta wasomaji wa enzi ileile wakilalamikia mambo yanayokuudhi wewe leo. Tarehe ya jalada kwa kawaida iko mbele ya siku ya kuuzwa kwa miezi miwili au zaidi, na barua zinazojibu toleo fulani hutokea matoleo kadhaa baadaye, kwa hiyo soma mbele kidogo.

Mzazi wako